Msumari na Kiapo Chake

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Mtwara ila naishi Temeke. Nanunua majaketi ya ngozi ya mtumba, nayapaka rangi, nayapigilia njumu, halafu nauza. Bibi yangu ana chale za Kimakonde usoni na natamani kuziweka kwenye majaketi, pamoja na watu walionyoa kiduku, pini na minyororo. Mitandaoni naona mtindo huu unaitwa afropunki. Mjomba ameiona michoro yangu akasema ni uhuni, na kwamba nawadhalilisha wazee. Je, hii ni sanaa yenye mizizi au ni vurugu za vijana tu? Na je, mjomba ana haki?"

Jibu: Marahaba mwanangu. Nitaanza na mjomba, kwa sababu kwa watu wa kwenu neno la mjomba halipuuzwi, na pia kwa sababu bila kujua amelitafsiri neno "punki" vizuri kuliko kamusi nyingi.

Kabla ya kuwa jina la muziki wa roki wa kasi na kelele, punki lilikuwa tusi la Kiingereza: kijana asiye na maana, mtukutu, kibaka wa mitaani. Mwenzake kwetu ni mhuni. Enzi za Mwingereza pale Dar es Salaam, wahuni walikuwa vijana waliokuja mjini bila ajira inayotambulika. Serikali ilifanya misako, ikawakamata na kuwarudisha vijijini kwao. Kijana hakujichagulia jina hilo, alipachikwa na waliotaka aondoke. Leo vijana wa Temeke wanaitana wahuni kwa mapenzi. Punki nalo lilipita njia hiyohiyo huko London na New York katikati ya miaka ya 1970: waliotukanwa waliliokota tusi wakalivaa kifuani. Kwa hiyo mjomba akisema uhuni, usione haya. Muulize kwa adabu mhuni huyo anamsumbua nani.

Jina afropunki ni la rika lako. Lilienea kutokana na filamu ya hali halisi ya James Spooner, Mmarekani mweusi, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na jina hilo. Iliwahusu vijana weusi waliopenda muziki wa punki na kujikuta weusi peke yao ukumbini, huku nyumbani wakiambiwa wanaiga wazungu. Mwaka 2005 likafuata tamasha la Brooklyn, na baadaye matawi yake yakafika Paris, London, Atlanta na Johannesburg.

Ila watu wenyewe walikuwepo kabla ya jina. Kule Detroit, ndugu watatu wa familia ya Hackney walirekodi mwaka 1975 nyimbo kali na za kasi, wakati watu wengi hawajalisikia hata neno punki. Bendi yao waliiita Death, yaani Kifo. Waliambiwa wabadilishe jina ili wapate mkataba, wakakataa, na nyingi za rekodi zile zikalala hadi 2009 ndipo zikatolewa kama albamu. Washington kulikuwa na Bad Brains, vijana weusi waliocheza kwa kasi ya kutisha kisha wakageukia rege na imani ya Rasta. Jalada la albamu yao ya kwanza, ya 1982, lina radi inayopiga kuba la Bunge la Marekani, kwa manjano, nyekundu na kijani. Jalada hilo litazame vizuri, kwa sababu rangi za Rasta, ambazo chimbuko lake ni bendera ya Ethiopia, zimewekwa hapo pamoja na hasira ya mji mkuu wa Marekani, tena kwa mchoro ambao mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuuchora.

London kulikuwa na Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, aliyezaliwa na baba Msomali na mama Mwingereza. Alikuwa na vyuma vya kunyoosha meno, alivaa nguo za rangi zinazowaka kama alama za barabarani, nyingi akizibuni mwenyewe, na aliimba kuhusu plastiki na vitu vya kununuliwa. Na Johannesburg, kati ya 1979 na 1982, ilikuwepo National Wake, bendi iliyowaweka weusi na wazungu jukwaani pamoja wakati sheria za ubaguzi zilikuwa zikipanga hata mtaa ambao mtu aruhusiwe kulala. Hao kupiga gitaa pamoja tu kulitosha kuwatia matatani na polisi.

Basi mizizi ipo. Sasa niingie kwenye jambo ambalo naona limekaa vibaya katika swali lako. Umeuliza kana kwamba jadi ni upande mtulivu wenye heshima, punki ni upande wenye kelele, na kazi yako ni kuwapatanisha. Wengi wanaofanya afropunki kwa haraka hufikiri hivyo. Huchukua kitambaa chenye nakshi ya Kiafrika, hukitoboa pini, hupiga picha, wakamaliza. Matokeo yanapendeza kwa wiki moja. Hayakai kwa sababu aliyeyatengeneza hakuuliza kitu kile cha jadi kilikuwa kinafanya kazi gani kwa wenyewe.

Nikupe mfano wa msumari, kwa kuwa wewe unapigilia njumu. Huko Kongo ya chini, kwenye pwani ya Atlantiki, kulikuwa na sanamu za mbao zinazoitwa nkisi nkondi. Mwili wake umejaa misumari na vipande vya chuma kuanzia shingoni hadi miguuni. Ukimweka kando ya kijana wa London wa 1977 mwenye jaketi la njumu, utasema ni baba na mwana. Lakini kila msumari wa nkisi una habari yake. Watu wawili waliogombana wakapatana walikuja kuapa mbele yake, na msumari ukapigiliwa kufunga kiapo. Aliyeibiwa alikuja kushtaki, msumari ukapigiliwa ili mwizi atafutwe. Aliyesimamia kazi hiyo aliitwa nganga, neno ambalo sisi tunalo mpaka leo kwa umbo la mganga. Ile sanamu ilikuwa mahakama, na misumari ndiyo majalada ya kesi. Wakoloni walilielewa hilo, ndiyo maana sanamu nyingi zilinyang'anywa, na leo nyingi ziko kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Msanii mmoja Mmarekani mweusi, Renée Stout, alitambua uzito huo. Mwaka 1988 alichukua umbo la mwili wake mwenyewe kwa plasta, akalitia rangi nyeusi, akalivika vifuko vya dawa na kulitengeneza kama nkisi. Hakuazima sura ya nkisi apambe nayo ukuta, aliusimamisha mwili wake mahali pa sanamu ile, kama mlinzi. Mimi kazi ile naiweka juu ya mamia ya picha za mitindo zinazobeba jina la afropunki, ingawa Stout hana gitaa wala kiduku.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila njumu unayoipigilia: inafunga nini? Ukiweza kunijibu, hata kwa neno moja, piga. Kama jibu ni kwamba inang'aa, hiyo ni nakshi. Nakshi haina kosa. Milango ya Zanzibar ina misumari ya shaba mizuri ajabu na hakuna anayeilaumu. Basi iite nakshi.

Jambo la pili ni uchakavu. Punki wa Uingereza walichana nguo, wakazishika kwa pini za kubania nepi. Kwao ule ulikuwa uasi, kwa kuwa wazazi wao walipiga pasi na kufunga tai. Je, nguo iliyochanika ni uasi kwa mtu ambaye bibi yake alinyimwa nguo?

Fikiria Zanzibar. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo, mwanamke mtumwa alitambulika kwa vazi lake tangu mbali: kaniki au merikani, kitambaa kisicho na ua wala rangi ya maana. Walipopata uhuru wao, wanawake wale walianza kuitupa kaniki na kujifunga kanga zenye rangi na michoro, na kila toleo jipya lilipofika dukani walilikimbilia. Wapo waliowaona wana makuu. Walikuwa wanatangaza kwa miili yao kwamba hakuna mtu mwenye kuwavisha tena. Maandishi ya kanga yalikuja baadaye kidogo, mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo kanga ikapata mdomo. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Mwanamke alijifunga hiyo, akampitia jirani mbaya wake taratibu, akampa mgongo. Alimaliza ugomvi bila kufungua kinywa na bila mtu kuweza kumshtaki. Fulana ya punki yenye maneno makali mgongoni ilikuja miongo mingi baadaye.

Ndiyo maana ukitazama picha za vijana weusi kwenye matamasha ya afropunki utaona wengi hawakuchanika. Wamependeza. Wamejipaka dhahabu, wamejaza shanga, nywele zimesukwa hadi zikawa majengo. Watu wa punki ya zamani wanalalamika kwamba huko ni kujiremba, uasi umepotea. Kwangu mimi malalamiko hayo yanasahau historia. Mtoto wa aliyevuliwa anapovaa kwa fahari kupita kiasi, yumo katika uasi uleule wa kanga ya 1897. Kwa hiyo katika majaketi yako usijilazimishe kuchana na kuunguza kwa kuwa umeona wenzako wa Ulaya wakifanya. Ngozi ya mtumba imekuja na uchakavu wake tayari. Labda kazi yako ni kuivisha.

Sasa chale, ambazo ndizo kiini cha swali lako.

Kamusi zetu bado zinaweka maana mbili kwenye neno nembo: alama iliyochanjwa mwilini, na alama ya taifa au kampuni. Watu wakiiona alama ya kampuni ya viatu kwenye fulana hawashtuki. Wewe unataka kuweka nembo ya bibi yako mahali hapo, na hilo peke yake lina ukali ambao kiduku hakiwezi kuufikia.

Lakini mjomba anaweza kukujibu kwamba chale ni za mwilini, zikitoka kwenye ngozi ya mtu zinapoteza heshima. Hapo umpeleke kwa wachongaji wa kwenu. Vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani kama kofia ngumu, vilibandikwa nywele za watu halisi, na chale zake mara nyingi ziliumbwa kwa nta juu ya mti. Na upande huu wa Ruvuma wachongaji walitengeneza vinyago vya kiwiliwili: ubao mwepesi wenye matiti na tumbo la mwanamke mjamzito, tumbo limejaa chale, na mchezaji mwanamume aliufunga kifuani akacheza nao. Yaani Wamakonde walishazitoa chale kwenye ngozi ya mtu na kuzifanya vazi la kiwiliwili zamani sana. Mwanangu, hilo ni jaketi.

Tena mapiko hayakuwa mchezo wa kimya wa kusifia wakubwa. Kinyago kilimwigiza mtu, kikambeza, kikamchekesha. Zimo sura za Mzungu, Mhindi, askari, kila aliyekuja na mamlaka au bidhaa. Pua zilirefushwa, ndevu zikabandikwa, na wanakijiji wakamcheka hadharani mtu ambaye mchana walilazimika kumsalimia kwa unyenyekevu. Na vikundi vilishindana kuleta kitu kipya. Hata vinyago vya mashetani vya mpingo, ambavyo mtalii anavinunua Mwenge akidhani ni vya kale, vilizaliwa miaka ya 1950 mikononi mwa wahamiaji wa Kimakonde hapa Tanganyika, Samaki Likankoa akiwa wa mbele. Mtindo huo ambao sasa tunauita jadi una umri unaokaribiana na wa bibi yako.

Hapo ndipo naona mjomba hana haki. Ana haki mahali pengine, nami simwachi peke yake.

Si kila chale ni ya kutazamwa na kila mtu. Za usoni zilikuwa za hadharani: zilisema huyu ni wa wapi. Nyingine zilichanjwa tumboni na mapajani, na zina mambo ya unyago ambayo wanawake waliokufunda hawakukupa uyauze Kariakoo. Vivyo hivyo kwa mambo ya jando, ambayo hata mjomba hatakueleza yote. Usichore usichoruhusiwa kukisema. Punki wengi watakuambia hakuna kitakatifu. Waache na lao. Wao walikuwa wanapambana na kanisa na malkia wenye nguvu, wewe unashika vitu vya watu waliowahi kucharazwa na kuchekwa kwa sababu ya vitu hivyohivyo. Wapo wazee wa Kimakonde walioficha chale zao mjini kwa kuwa watu waliwaita washamba. Huenda uchungu wa mjomba unatoka huko, na haumhusu kiduku hata kidogo. Kaa naye umuulize alivyotaniwa alipofika Dar kwa mara ya kwanza. Nadhani mtaelewana kuliko mnavyotarajia.

Halafu kuna kufanya kwa ulichonacho. Hiyo ndiyo kanuni pekee ya punki ambayo ningekusihi uishike bila masharti: usingoje ruhusa wala vifaa. Kinshasa kuna kundi la Fulu Miziki. Jina lao kwa Kilingala ni muziki wa takataka, na wanamaanisha hivyo. Ala wamezitengeneza kwa mabomba, madebe na vyuma vilivyotupwa, na vinyago na mavazi wameyaunda wenyewe kwa taka za mji. Ukiwaona jukwaani huwezi kusema sanaa ya uchongaji imeishia wapi na muziki umeanzia wapi, na kusema kweli kinyago cha Kiafrika hakikuwahi kutenganishwa na ngoma yake hadi kilipopigiliwa ukutani na wakusanyaji. Nairobi, Cyrus Kabiru alikulia karibu na dampo akawa anaokota nyaya, vijiko na vizibo na kuvigeuza miwani mikubwa ya ajabu ambayo imezunguka dunia. Edward Tingatinga naye alianza Oysterbay mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya ubao wa kuezekea dari. Hakupita chuo chochote cha sanaa.

Tingatinga namtaja pia kwa sababu ya kilichofuata. Alifariki mwaka 1972, na leo ukitembea barabara yoyote ya watalii utakuta twiga yuleyule, mbuyu uleule, jua lilelile, mia kwa mia. Afropunki ina hatari hiyohiyo. Tamasha la Brooklyn lilianza bila kiingilio. Kuanzia 2015 ukawa unalipa, na Spooner mwenyewe alikuwa ameshajiondoa mapema. Siwalaumu waliobaki, mtu anapaswa kula. Nakuonya tu kwamba siku jaketi moja litakapouzika sana, wateja watakuomba hilohilo kwa rangi tofauti. Tengeneza mawili matatu upate kodi ya chumba, kisha urudi kwenye lile ambalo hujui kama litauzika.

Kama unataka mtu wa kumsoma kwa macho, mtafute Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Kazi zake za kolaji amezikata kwenye majarida ya mitindo na michoro ya vitabu vya udaktari, akabandika midomo ya mmoja kwenye shingo ya mwingine. Ni mkasi na gundi vilevile walivyotumia punki kutengeneza vijarida vyao vya fotokopi. Mwaka 2019 aliweka wanawake wanne wa shaba mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwenye vishubaka vilivyokaa wazi tangu upande huo wa mbele wa jengo ukamilike 1902. Wamekaa wima, na vichwani mwao kuna visahani vinavyong'aa, vinavyokumbusha visahani vya midomo vya wanawake wa Afrika. Bibi yako kama alivaa ndonya, kile kipande cha mdomoni cha Wamakonde, au mama yake alivaa, ataitambua ile sahani mara moja. Mwonyeshe kwenye simu.

Ya kufanya sasa hivi. Nenda kwa bibi na daftari, si na simu tu. Muulize nani alimchanja, akiwa na umri gani, aliumwa siku ngapi, na kila mstari unaitwaje kwa Kimakonde. Majina hayo ndiyo mali, kwa sababu yanaweza kuandikwa ndani ya bitana ya jaketi mahali ambapo mvaaji peke yake anayaona. Muulize ipi usiichore. Akikuruhusu kutumia za usoni mwake, kubalianeni sehemu ya mauzo iende kwake, hata kama ni ndogo, na umwambie mteja hivyo.

Uso wa bibi usiuweke mgongoni mwa jaketi kama picha ya mtu maarufu. Chukua mistari peke yake. Iweke begani na kifuani, ifuate mwili wa mvaaji kama vile vinyago vya kiwiliwili vilivyofuata tumbo. Njumu zifuate mistari ya chale, moja kwa kila neno alilokuambia. Na ukipata nafasi, peleka kazi Nafasi Art Space pale Mikocheni ukaone wenzako wanafanya nini. Ukiwa peke yako chumbani Temeke ni rahisi kudhani wewe ni wa kwanza.

Kuhusu rangi, kwani naona kwenye picha ulizonitumia imeanza kupasuka kwenye viwiko: ngozi ya mtumba imepakwa mafuta na nta miaka mingi. Ifute kwa spiriti hadi kitambaa kisitoke na weusi, isugue kidogo kwa msasa laini, halafu paka akriliki nyepesi, tabaka tatu au nne nyembamba badala ya moja nzito, kila moja ikauke kabisa. Njumu ziwe za mwisho. Ukizipigilia kabla ya rangi, utapaka vichwa vyake pia na itakubidi uvikwangue kimoja kimoja.